Mbwa Mwenye Hofu ya Gari: Namna ya Kumtuliza, na Kwa Nini Jambo Hili ni la Usalama wa Sote



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia breki, kofia za pikipiki, mwendo wa kasi na ulevi. Leo tunamzungumzia msafiri asiyejua alama za barabarani, asiyefunga mkanda wala kuelewa anakopelekwa. Msafiri huyo ni mbwa.

Huenda mtu akacheka na kuuliza polisi wana habari gani na mbwa wa watu. Nitajibu kwa tukio nililolishuhudia. Jioni moja, kwenye mteremko wa barabara ya kitaifa namba 1 unaoshuka kutoka Bugarama kuja Bujumbura, tulisimamisha gari aina ya Probox lililokuwa likiyumba kulia na kushoto. Tulidhani dereva amelewa. Tulipofungua mlango tulikuta hajanusa hata harufu ya pombe. Miguuni pake, kati ya kiti na kanyagio la breki, alikuwa amejibanza mbwa kijana, anatetemeka mwili mzima na udenda unamchuruzika. Mwenyewe alieleza kwamba amemchukua kijijini, upande wa Muramvya, ampeleke mjini akalinde nyumba. Alimweka kiti cha nyuma bila kumfunga. Kona zilipozidi, mbwa aliruka mbele akatafuta mahali pa kujificha, napo pakawa chini ya breki.

Nyuma ya gari hilo walikuwa wakiteremka vijana watatu wa baiskeli, kila mmoja na mikungu yake ya ndizi. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Lakini kila anayeijua barabara ile anaelewa kwamba yalibaki mambo madogo sana kati ya safari hiyo na msiba.

Kwa nini hofu ya mbwa ni suala la usalama

Sababu ya kwanza ni hiyo ya barabara. Kanuni za usalama barabarani, tangu Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, zimesimama juu ya msingi mmoja: dereva awe na uwezo wa kulitawala gari lake wakati wote. Mbwa anayerukaruka, anayebweka sikioni mwa dereva au kumpanda mapajani, humnyang'anya dereva uwezo huo. Kwetu Burundi kuna jambo la kuongeza. Tunaendesha upande wa kulia, lakini magari yetu mengi yana usukani kulia pia. Dereva anayetaka kulipita lori hulazimika kuchungulia kupitia upande wa kushoto wa gari lake. Mbwa akiwa amesimama kwenye kiti cha kushoto, dereva huyo haoni kinachokuja mbele.

Sababu ya pili ni afya. Mbwa anayeogopa gari ni mbwa asiyepelekwa kwa daktari wa mifugo. Mwenyewe hujaribu mara moja, gari likachafuka, watoto wakalia, naye akaapa kutorudia. Mwaka unapita, wa pili unapita, na chanjo ya kichaa cha mbwa haikutolewa. Ugonjwa huo, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, huua karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba miongoni mwa watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Shirika hilohilo linasema kuwa jamii ikichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Sababu ya tatu ni dharura. Mwezi wa Aprili 2020, mto Rusizi ulipofurika na maji kuingia Gatumba, maelfu ya watu walihama makwao kwa ghafla. Siku kama hiyo hakuna nafasi ya kubembelezana na mbwa. Asiyekubali kuingia garini hubaki nyuma, na mbwa aliyeachwa na njaa huwa hatari kwake mwenyewe na kwa watu wanaorudi kutazama mali zao.

Hofu hutoka wapi

Mbwa wengi wa jijini kwetu ni walinzi. Mchana hufungwa, usiku hufunguliwa, na dunia yao ni ua wa nyumba. Wengi hupanda gari mara chache sana maishani: mara ya kwanza walipotengwa na mama yao, na mara nyingine walipopelekwa kudungwa sindano. Kwa mbwa wa namna hiyo, gari maana yake ni kutenganishwa au kuumizwa. Hofu yake ina chanzo, nayo haipaswi kuitwa ukaidi.

Chanzo kingine kimo ndani ya sikio. Mbwa, kama binadamu, ana kiungo katika sikio la ndani kinachomjulisha mwendo na mizani ya mwili. Garini sikio humwambia kuwa anakwenda, ilhali macho yake yakitazama mgongo wa kiti humwambia ametulia. Mgongano huo wa habari huleta kichefuchefu. Watoto wa mbwa huathirika zaidi, kwa kuwa viungo hivyo bado havijakomaa, na wengi wao hupata nafuu wanapokua. Barabara zetu nazo huongeza taabu. Anayetoka Bujumbura kwenda Bugarama huanza kwenye kimo cha takriban mita 800 kando ya ziwa na kupanda hadi zaidi ya mita 2000, kona juu ya kona. Hata mtu mzima hutafuta ndimu ya kunusa.

Ni muhimu kutofautisha hali hizi mbili, kwani tiba zake si moja. Mbwa anayeanza kutetemeka, kufyata mkia au kukataa kusogea anapoliona gari tu, injini ikiwa imezimwa, huyo anasumbuliwa na hofu. Yule anayeingia bila shida lakini baada ya kona kadhaa akaanza kupiga miayo mfululizo, kujilamba midomo, kudondosha udenda na mwishowe kutapika, huyo anasumbuliwa na kichefuchefu. Mara nyingi la pili huzaa la kwanza: mbwa aliyetapika safari tatu huanza kuliogopa gari hata likiwa limesimama. Huyo aonwe na daktari wa mifugo, kwa sababu zipo dawa za kuzuia kutapika zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kumfundisha pasipo kumwondolea kichefuchefu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mafunzo: kutoka gari lililosimama hadi safari

Mwanasayansi wa Kirusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akisikia ishara fulani kila mara kabla ya kupewa chakula, mwishowe hudondosha mate kwa kuisikia ishara tu. Jambo hilohilo hutokea kwa hofu, na jambo hilohilo huiondoa. Gari lililofungamana na uchungu linaweza kufungamanishwa upya na raha, ikiwa tutakwenda polepole kuliko hofu yenyewe. Zifuatazo ni hatua za kufuata.

Hatua ya kwanza: gari limesimama uani, milango wazi, injini imezimwa. Mpe mbwa chakula chake cha kila siku karibu na gari. Kila siku sogeza sahani kidogo, mpaka ale akiwa mlangoni, kisha ndani. Usimvute wala usimsukume. Siku atakayoingia kwa miguu yake mwenyewe ndiyo siku umepiga hatua.

Hatua ya pili: akishazoea kula ndani, funga mlango kwa muda mfupi, mfungue, mpongeze. Ongeza muda kidogo kidogo. Mtu anayemzoea akae naye.

Hatua ya tatu: washa injini bila kuondoka. Mpe vipande vidogo vya chakula anachokipenda, iwe dagaa wakavu au kipande cha nyama, kisha zima. Rudia siku kadhaa. Wapo mbwa ambao mtikisiko wa injini ndio unaowatisha, si mwendo.

Hatua ya nne: sogeza gari hadi getini na kurudi. Kesho yake zunguka nyumba chache za mtaa. Safari iwe fupi kiasi kwamba inakwisha kabla hofu haijaanza.

Hatua ya tano: mpeleke mahali atakapopafurahia, si kwa daktari. Inaweza kuwa uwanja wenye nyasi, au ufukwe wa ziwa mchana, mbali na viboko, akiwa kwenye kamba. Mbwa akigundua kwamba gari humfikisha kwenye matembezi, atalitazama kwa jicho jingine.

Kazi hii yote yaweza kuchukua wiki mbili au miezi miwili, kutegemea umri wa mbwa na yaliyompata. Dakika kumi kwa siku zatosha. Akionyesha hofu, rudi hatua moja nyuma bila hasira. Na kwa kuwa mafuta ya gari hayapatikani kwa urahisi kila siku, zingatia kwamba hatua mbili za kwanza hazihitaji hata tone moja. Asiye na gari aweza kumwomba jirani mwenye gari lililoegeshwa.

Mbwa wa kazi hupitia njia hiyohiyo ya mazoea. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, wapo mbwa wanaofuata nyayo za majangili. Katika bandari ya Mombasa wapo wanaonusa pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya makontena. Mbwa wa aina hiyo anayefika kazini akiwa ametapika na kuchoka kwa hofu hana faida kwa mtu. Kwa hiyo gari huwa sehemu ya masomo yake. Mbwa wa Ngagara au Kinindo ana akili ileile. Kilichopungua ni mwalimu.

Siku ya safari yenyewe

Usimpe mlo mzito. Chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka chatosha, na maji ayapate kama kawaida. Mtembeze kwanza ajisaidie na kupunguza nguvu.

Mfunge kwa usalama. Kizimba imara, chenye nafasi ya kusimama na kugeuka, kikikazwa kisiteleze, ndicho bora. Kisipokuwapo, tumia mkanda wa kifuani unaounganishwa na mkanda wa kiti cha nyuma. Usimfunge kwa shingo, kwani breki ya ghafla yaweza kumnyonga. Nguo anayoijua harufu yake, au kipande cha kitenge cha mwenye nyumba, akilalia humpa utulivu. Wapo wanaotulia zaidi kizimba kikifunikwa upande mmoja wasione vitu vinavyopita. Hewa lakini iingie.

Asikae mapajani mwa dereva, wala kiti cha mbele, wala kusimama nyuma ya pikapu bila kizimba. Asitoe kichwa dirishani, ingawa watu huona kuwa ni jambo la kupendeza: vumbi na mawe humjeruhi macho, na pikipiki inayopita karibu yaweza kumjeruhi zaidi. Teremsha kioo kiasi cha kupitisha hewa.

Dereva aendeshe kwa upole. Kona ichukuliwe taratibu, breki ikanyagwe mapema, honi na redio zipunguzwe. Kwenye safari ndefu, kama ya Gitega au Rumonge, simama mahali salama nje ya barabara, mfunge kamba kwanza, ndipo ufungue mlango. Mbwa wengi hupotea au kugongwa kwa sababu mlango ulitangulia kamba. Watoto wadogo wasikalishwe karibu na mbwa mwenye hofu, hata kama nyumbani hucheza naye. Hofu humfanya mnyama mpole aume.

Mambo yasiyofaa kabisa

Usimpige wala kumkaripia. Kipigo huthibitisha alichokuwa akikishuku, kwamba gari ni mahali pa mateso. Kinyume chake, usiogope kumtuliza kwa sauti ya chini na mkono wa polepole. Wapo wanaodhani kwamba kumbembeleza ni kumwongezea woga, si kweli.

Usimpe dawa za binadamu. Vidonge vya usingizi na vya maumivu vilivyomo kabatini, vikiwemo paracetamol na ibuprofen, vyaweza kumuua mbwa. Pombe nayo ni sumu kwake. Dawa itoke kwa daktari wa mifugo, kwa kipimo cha uzito wake.

Usimfunge mdomo kwa kamba ukamwacha hivyo safari nzima. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi. Aliyefungwa mdomo kwa kubana hupata joto kupita kiasi, na akitapika aweza kupaliwa akafa. Ikibidi kufunga mdomo, kitumike kifaa cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa.

Na kwa sababu hiyohiyo, usimwache ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Bujumbura, hata kama unaingia sokoni kununua kitu kimoja. Joto ndani ya gari hupanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na kuacha ufa mdogo dirishani hakusaidii sana. Ukimwona mbwa, na zaidi ukimwona mtoto, katika hali hiyo, mtafute mwenye gari na umwite askari aliye karibu.

Kwenye kizuizi cha polisi na ndani ya teksi

Unapofika kwenye kizuizi, punguza mwendo, teremsha kioo cha upande wako, na useme mara moja: "Afande, nina mbwa nyuma, amefungwa." Sentensi hiyo fupi huzuia mengi. Usifungue buti au mlango wa nyuma kabla ya kumshika mbwa kwa kamba. Ikiwa gari linahitaji kukaguliwa, omba nafasi ya kumtoa kwanza. Nami nawakumbusha askari wenzangu: tusimmulike mbwa tochi machoni, tusigonge kioo, na tumpe raia muda. Mbwa anayebweka ndani ya gari hatukani serikali, anaogopa.

Mwezi wa Machi 2022, pikipiki, bajaji na baiskeli za uchukuzi zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, na wengi wakawa wanategemea teksi. Mwulize dereva kabla ya kumleta mbwa, si baada ya kufungua mlango. Dereva ana haki ya kukataa. Katika mitaa kama Buyenzi, ambako ndugu zetu Waislamu ni wengi, mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi, na dereva huenda akalazimika kuliosha gari kabla ya sala. Kutandika shuka nene, kumweka mbwa kizimbani na kulipa gharama ya usafi ni adabu inayolinda ujirani. Ugomvi mwingi unaofika kwetu ungeweza kumalizwa kwa kuombana ruhusa mapema.

Akiuma je?

Ikitokea mbwa amemuuma mtu garini au kwingineko, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba amechanjwa. Usisubiri dalili. Mbwa asiuawe wala kutupwa. Afungwe mahali salama na daktari wa mifugo aarifiwe, ili achunguzwe kwa siku 10. Cheti cha chanjo kikiwepo, kionyeshwe. Anayevuka mpaka na mbwa, kwa mfano kwenda Uvira, asiondoke nyumbani bila cheti hicho.

Kwa kumalizia

Turudi kwa yule bwana wa Probox. Hatukumtoza faini ya kumfundisha adabu kisha tumwache aendelee vilevile. Tulimwomba aegeshe gari nje ya barabara. Mbwa alitolewa, akatembezwa dakika chache, akanywa maji. Shuka lililokuwa garini lilizungushwa kifuani pake, likafungwa kwenye mkanda wa kiti cha nyuma, na kijana aliyekuwa abiria akahamia nyuma kukaa naye. Waliteremka polepole, taa za hatari zikiwaka, mpaka tukawapoteza kwenye kona.

Msaada ule ulikuwa wa dharura tu. Kazi ya kweli ilipaswa kufanyika kabla ya safari: uani, gari limesimama, sahani ya chakula mlangoni. Haba na haba hujaza kibaba. Mbwa aliyezoeshwa gari hufika kwenye chanjo, huhama pamoja na familia maji yanapopanda, na humwachia dereva macho na miguu yake. Ukiwa na mbwa nyumbani, anza leo jioni kabla hujapata sababu ya kuharakisha.

Tunawatakia safari njema, nyinyi na wote mnaosafiri nao.